Kihisi cha Gesi Kinaposoma Uongo: Kutafuta Tatizo kwenye MQ-7, MQ-135 na Ndugu Zake

Kabla hujashika multimita: kama jiko la mkaa linawaka ndani na walio humo wanaumwa kichwa, wanasikia kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje kwanza na mwache mlango wazi, hata kama kifaa kiko kimya. Kaboni monoksidi (CO) haina rangi wala harufu. Kifaa kitachunguzwa baadaye.

Mwongozo huu ni wa fundi, mwanafunzi au mfugaji aliyejiundia kifaa cha kupima gesi kwa kihisi cha semikondakta, na sasa namba anazoziona hazimwingii akilini. Nitaegemea zaidi MQ-7, kinachouzwa kama kihisi cha kaboni monoksidi, kwa sababu ndicho kinachogusa uhai wa watu moja kwa moja: Limuru, Njombe au Lushoto baridi ya Julai ikibana, jiko la mkaa huingizwa chumbani na madirisha hufungwa.

Ndani ya kile kikopo chenye wavu kuna kibomba kidogo cha seramiki kilichopakwa oksidi ya bati, na katikati yake hupita waya wa hita. Oksidi hiyo ikipata moto wa kutosha, oksijeni ya hewani hunata juu yake na kushikilia elektroni, kwa hiyo ukinzani hupanda. Ikija gesi inayoweza kuungua, kama CO, haidrojeni, butani au mvuke wa pombe, huungana na oksijeni ile, elektroni huachiliwa na ukinzani hushuka. Wazo hili alilisajili Mjapani Naoyoshi Taguchi mwaka 1962, na herufi za TGS kwenye vihisi vya kampuni ya Figaro hadi leo zinabeba jina lake. Hivyo kihisi hakiitambui gesi kwa jina. Kinachojua ni kwamba ukinzani wake umebadilika, na unaweza kubadilika kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na gesi hata kidogo.

Ndiyo maana nasisitiza utaratibu mmoja: chunguza hita, kisha saketi, kisha hewa yenyewe, na mwisho kabisa ndipo uhesabu gesi. Wengi huanzia mwisho. Hubadilisha fomula kwenye programu usiku kucha, kumbe hita haipati volti zake.

Dalili: namba ziko juu mno tangu kuwasha, kisha zinashuka taratibu

Hii mara nyingi si hitilafu. Kihisi kilichokaa bila umeme hujaa unyevu na uchafu wa hewa juu ya oksidi yake. Kikiwashwa, dakika za mwanzo ukinzani huanguka hata kama hewa ni safi, kisha hupanda polepole. Karatasi ya maelezo ya MQ-135, kihisi cha uchafu wa hewa kwa jumla, inataka kihisi kipya kipashwe zaidi ya saa 24 kabla ya kukiamini. Ya MQ-7 inataka saa 48. Ile "dakika mbili" inayotajwa kwenye maelezo mengi inatosha kwa maonyesho darasani, haitoshi kwa kupima kiasi kidogo cha gesi.

Umeme ukikatika na kurudi, hadithi huanza upya, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Kama kwako unakatika mara kwa mara, weka betri ya akiba, na uiagize programu isipige king'ora wala kuhifadhi vipimo mpaka hita itulie. Usisahau kuwasha taa ya kuonyesha kwamba kifaa bado kinajiandaa. Mtu akiona kimya, asidhani ni usalama.

Dalili: kikopo hakipati joto, au namba hazisogei kabisa

Kiguse. Kihisi cha MQ chenye hita nzima huwa na uvuguvugu unaosikika wazi baada ya dakika chache. Kikiwa baridi, zima umeme, kitoe kwenye moduli (kibao kinachokibeba), na upime ukinzani kati ya miguu miwili ya H, yaani ya hita. Utapata takriban ohmu 30, ikizidi au kupungua kidogo kulingana na aina. Multimita ikionyesha njia imekatika, hita imekufa na hakuna cha kutengeneza. Miguu ya A na B, ile ya oksidi yenyewe, usiihukumu kikiwa baridi. Ukinzani wao wakati huo hauna maana yoyote.

Hita nzima lakini joto hafifu? Pima volti kwenye miguu ya H yenyewe huku kifaa kinafanya kazi, si kwenye adapta. Kwa volti 5 na ohmu 33, hita moja hula takriban miliampia 150. Ukiwa na vihisi vinne umefika miliampia 600, na mlango wa kawaida wa USB 2.0 wa kompyuta umepangiwa 500. Nyaya nyembamba za bredibodi nazo hula sehemu yake. Volti zikishuka kutoka 5 hadi 4.5, nguvu ya hita haipungui kwa asilimia 10 bali 19, kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti. Oksidi inapoa, na hisia yake kwa kila gesi inabadilika.

Usiilishe hita kutoka pini ya Arduino, ile bodi ndogo inayoendesha programu; pini haiwezi kubeba mkondo huo. Usiilishe Arduino Uno kwa volti 12 huku hita ikitegemea pini yake ya 5V: tofauti ya volti 7 kwa miliampia 150 ni zaidi ya wati moja inayogeuka joto kwenye regulata, kipunguza volti cha bodi. Hita ipewe chanzo chake cha volti 5, na ardhi (GND) ya vyanzo vyote viwili iunganishwe.

Dalili: MQ-7 inalia ukipuliza gesi ya kiberiti cha gesi, lakini haioni moshi wa mkaa

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kosa hili limejaa kila mahali na linaweza kuua.

MQ-7 haikuundwa kukaa kwenye volti 5 muda wote. Inatakiwa izunguke: sekunde 60 kwa volti 5 ili moto mkali uchome uchafu, kisha sekunde 90 kwa volti 1.4, na kipimo cha CO kinasomwa mwishoni mwa zile sekunde 90. Oksidi ikiwa na joto la chini ndipo CO inapojitokeza vizuri. Kwenye moto mkali, kihisi huitikia zaidi gesi nyingine zinazoungua. Sasa tazama moduli ya bei nafuu ya dukani: hita imeunganishwa moja kwa moja na volti 5, siku zote. Jina juu ya kikopo ni MQ-7, lakini inavyoendeshwa si kipimo cha CO cha kuaminika.

Dawa ni kuutenganisha mguu wa H ulioungwa kwenye ardhi ya moduli, kuupitishia mosfeti ndogo (swichi ya kielektroniki) ya aina inayofunguka kwa volti za mantiki, na kuiacha programu iendeshe mzunguko. Volti 1.4 unaweza kuziiga kwa kuwasha na kuzima hita kwa kasi. Wengi hugawanya 1.4 kwa 5 na kuweka asilimia 28. Si sahihi. Hita inajali nguvu, si wastani wa volti: chukua 1.4 gawanya kwa 5, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe, upate karibu asilimia 8. Ukiweka 28, hita inapata takriban miliwati 212 badala ya 59, na kipindi cha baridi hakipo tena. Unaweza kujihakikishia kwa hesabu: miliwati 758 kwa sekunde 60 na miliwati 59 kwa sekunde 90 zinatoa wastani wa takriban 340, karibu sana na miliwati 350 zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo.

Soma kipimo wakati mosfeti imezimwa, la sivyo kuwaka na kuzima huko kutaingia ndani ya namba zako kama kelele.

Jambo hili lina gharama yake: kipimo kimoja kila dakika mbili na nusu.

Dalili: kihisi kina moto, lakini gesi kidogo haionekani, namba zinacheza kati ya 30 na 40

Tafuta rezista ya mzigo kwenye moduli, ile iliyoungwa mfululizo na kihisi. Nyingi zimeandikwa 102, maana yake kiloohmu 1. Tuseme kihisi chako kina kiloohmu 30 kwenye hewa safi. Kwa rezista ya kiloohmu 1, volti inayotoka ni 0.16, sawa na hatua 33 tu kati ya 1,023 za Arduino. Gesi kidogo ikishusha ukinzani hadi kiloohmu 24, unafika hatua 41. Hatua nane, kelele peke yake inaweza kuzimeza. Badilisha rezista iwe kiloohmu 10: hewa safi inakupa hatua 256, na gesi ileile inakupeleka 301. Hakuna kilichobadilika ila rezista moja.

Kanuni ni kwamba rezista ya mzigo ikaribiane na ukinzani wa kihisi kwenye kiwango unachotaka kukiona. Ukishaibadilisha, rekebisha na fomula (Rs ni ukinzani wa kihisi, RL rezista ya mzigo, Vc volti za chanzo, Vout volti inayotoka):

Rs = RL × (Vc ÷ Vout − 1)

Kama RL kwenye programu bado ni 1 huku kwenye moduli ni 10, kila ppm (sehemu za gesi kwa milioni za hewa) utakayoisoma ni ya kubuni.

Kitufe cha buluu kinachozungushwa kwa bisibisi hakisaidii hapa. Kinapanga tu ni wapi pini ya D0, ile ya ndiyo au hapana, itageuka. Namba za A0, pini ya vipimo, hazigusi. Na ukitumia bodi ya ESP32, kumbuka pini zake hazistahimili volti 5, kwa hiyo weka rezista mbili za kugawa volti, utumie pini za ADC1 (kigeuzi chake cha kwanza cha kusoma volti), kwa sababu zile za ADC2 hugoma Wi-Fi ikiwa imewashwa. Anayetafuta kiasi kidogo kweli anunue kigeuzi cha nje kama ADS1115. Ndani ya ESP32 namba hupinda karibu na mwanzo na mwisho wa kipimo.

Dalili: kipimo kinapanda kila alfajiri na kushuka adhuhuri

Huenda majirani wanawasha mkaa. Huenda pia ni unyevu tu. Molekuli za maji hutua kwenye oksidi na kushusha ukinzani, sawasawa na gesi inavyofanya. Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, hewa ya alfajiri hujaa maji, jua likipanda hukauka kiasi, na kihisi hufuata mwendo huo siku baada ya siku. Grafu za karatasi ya maelezo zimechorwa kwa hali moja tu, mara nyingi nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65. Hiyo si pwani yetu.

Weka kihisi cha unyevu na joto kama BME280 au DHT22 karibu, lakini isiguse joto la kihisi cha gesi, kisha uhifadhi namba zote mbili kwa siku kadhaa bila chanzo cha gesi ndani. Mistari ikienda pamoja, umempata mshukiwa. Kwa kiwango cha ppm chache, badiliko la unyevu linaweza kuwa kubwa kuliko badiliko la gesi yenyewe, kwa hiyo marekebisho haya ni sehemu ya kipimo, si pambo.

Upepo wa feni ukikipiga kihisi huipoza hita na kuyumbisha namba. Kiache kipumue kupitia matundu, si mbele ya feni.

Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, oksijeni ni chache kuliko usawa wa bahari, na kihisi kinategemea oksijeni hiyo ili kifanye kazi. Msingi (kipimo cha hewa safi) uliowekwa Mombasa usiuhamishie Nairobi bila kuuweka upya.

Dalili: kinalia na hakuna gesi ya hatari

Uliza nini kimepita hewani. Udi na ubani kwenye chetezo, dawa ya mbu ya kupuliza, marashi, kitunguu kinachokaangwa, kitakasa mikono, pombe ya kienyeji inayochacha: vyote vina mvuke unaoungua, na oksidi ya bati inavipokea vyote bila kubagua. MQ-135 kwenye banda la kuku itaitikia amonia, ndiyo, lakini pia itaitikia dawa ya kusafishia banda. Mfugaji anayetaka kujua kama amekaribia 25 ppm, kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, imekiweka kama wastani wa siku ya kazi, atapata kutoka MQ-135 onyo kwamba hewa imechafuka, si jibu kwamba ni 25.

Namba zikishuka chini ya msingi wa hewa safi, hiyo nayo ni habari. Nitrojeni dioksidi ya moshi wa magari na ozoni hunyakua elektroni badala ya kuziachilia, hivyo ukinzani hupanda. Kando ya barabara yenye malori, CO na nitrojeni dioksidi zinaweza kuvutana ndani ya kihisi kimoja, na namba ikatulia katikati kana kwamba hewa ni safi.

Dalili: programu inasema 400 ppm za kaboni dioksidi

Si kweli, hata kama namba inafanana na ya hewa ya kawaida. Kaboni dioksidi imeshaungua. Haina cha kuipa oksijeni iliyo juu ya oksidi ya bati. Programu zinazotoa CO2 kutoka MQ-135 huchukua kipimo cha mivuke mingine na kukivalisha jina. Vihisi vya kidijitali kama SGP30 na CCS811 vinakiri wazi kwamba namba yao ya CO2 ni makisio.

Kwa mtu wa Goma hili si suala la kitaaluma tu. Mazuku, zile hewa nzito za kaboni dioksidi zinazotuama kwenye mabonde ya lava kaskazini mwa Ziwa Kivu, huua watu na mifugo, na MQ-135 inaweza kukaa ndani yake ikasoma salama. Huko kinahitajika kihisi cha mwanga wa infraredi. Angalia na upeo wake: MH-Z19, kihisi kimoja cha aina hiyo, hufika maelfu machache ya ppm, ilhali mazuku hupimwa kwa asilimia. Kama king'ora kitafaa, kama kipimo hakitoshi.

Dalili: msingi ni mzuri, lakini hakiitikii tena chochote

Kumbuka ulilifunga vipi boksi. Gundi ya silikoni inapokauka hutoa mvuke unaotua juu ya oksidi na kugeuka tabaka la kioo. Kihisi hakiponi. Mafuta ya nywele na dawa za kung'arisha dashibodi ya gari mara nyingi zina silikoni vilevile. Kifaa kilichofungwa saluni kinaweza kufa hivyo polepole, huku taa yake ya kijani ikiendelea kuwaka. Kwangu mimi hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote katika orodha hii: kifaa kinacholia ovyo humchosha mtu, lakini kilichopofuka humpa usingizi mzito.

Maji ya chumvi yanayorushwa na bahari nayo huharibu. Funga boksi kwa skrubu na mpira usio wa silikoni, na ule wavu wa chuma usiutoe kamwe. Ndio unaozuia moto wa hita usiwashe gesi iliyo nje.

Dalili: ppm yako haifanani na ya kifaa cha dukani

Angalia R0, ukinzani wa rejea, ina maana gani kwenye karatasi yako. Kwa MQ-2, kihisi cha gesi zinazoungua, ni ukinzani katika 1,000 ppm za haidrojeni. Kwa MQ-135 ni katika 100 ppm za amonia, na kwa MQ-7 ni katika 100 ppm za CO. Programu nyingi huchukua ukinzani wa hewa safi na kuuita R0. Kwa MQ-2, ukinzani wa hewa safi ni karibu mara 9.8 ya R0, kwa hiyo kosa si dogo. Na "hewa safi" si jikoni; ni nje, mbali na barabara, baada ya kihisi kupata moto wake kamili.

Kuhakiki kihisi cha gesi ya kupikia kunawezekana nyumbani. Mililita 10 za gesi ya kiberiti kwa bomba la sindano, ndani ya ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, ni takriban 1,000 ppm. Butani huanza kuweza kulipuka karibu 18,000, kwa hiyo uko mbali na hatari, lakini fanyia nje na usizidishe. Kupuliza kiberiti moja kwa moja kunaonyesha tu kwamba kihisi kiko hai.

CO usiitengeneze nyumbani kwa kisingizio cha majaribio. Weka kifaa chako kando ya king'ora kilichothibitishwa, mahali pa wazi, ulinganishe mienendo yao. King'ora cha kiwango cha Ulaya cha EN 50291 hakitakiwi kulia mapema kwenye 30 ppm, hulia kati ya dakika 10 na 40 kwenye 100 ppm, na ndani ya dakika 3 kwenye 300 ppm. Kwa hiyo kukaa kwake kimya kwa muda si dalili kwamba chako kimekosea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka CO isizidi miligramu 4 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, karibu 3.5 ppm, wakati karatasi ya MQ-7 inaanzia 20. Chumba cha kulala cha watoto kiwekewe king'ora kilichothibitishwa, na MQ-7 yako ibaki ya kujifunzia na kufuatilia mwenendo wa hewa.

Mahali pa kukifunga

Gesi ya mtungi ni nzito, huteremka. Kihisi chake kiwe kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Amonia ni nyepesi, lakini bandani pima usawa wa vichwa vya kuku, kwa kuwa ndio wanaoivuta. CO inakaribiana uzito na hewa na husambaa chumba kizima, hivyo kihisi chake kiweke usawa wa pua ya mtu aliyelala au aliyeketi, mbali na dirisha na si juu ya jiko lenyewe, ambako mvuke wa sufuria utakizamisha kihisi katika unyevu.

Kila mwezi kijaribu kwa pamba yenye tone la spiriti, umbali wa sentimita kadhaa, na uandike namba iliyofika pamoja na tarehe ubavuni mwa boksi. Mwitikio ukipungua hadi nusu ya ule wa siku ya kwanza, na hita bado inapata volti zake, badilisha kihisi.